Mzee Hana Ukaidi, Analinda Heshima Yake

Barua zenu zimejaa swali moja: kwa nini mzee mwenye akili timamu, aliyesomesha watoto hadi chuo kikuu, akiambiwa presha yake ni 160 kwa 100 anasema mashine ni mbovu? Wengi mnajijibu wenyewe kwamba ni ujinga au ukaidi. Nimechoka kulisikia jibu hilo, kwa sababu linazaa ugomvi nyumbani na mgonjwa anabaki bila dawa.

Mwaka 1988 mwanasaikolojia wa Marekani, Claude Steele, alieleza kwamba akili hulinda picha nzima ya nafsi: mimi ni mtu mwema, mwenye busara, ninayejiweza. Habari ya presha huichafua picha hiyo, kana kwamba mtu ameambiwa hakujitunza. Akili basi hugeuka wakili wake. Inatafuta kasoro ya kipimo, inamkumbuka babu aliyekula chumvi akafika miaka 90, inamshuku daktari kuwa anatafuta hela.

Kwa kuwa kinacholindwa ni picha nzima, jeraha la upande mmoja laweza kutulizwa kwa upande mwingine kabisa. Mwaka 2000 David Sherman, Leif Nelson na Steele huyohuyo waliwapa baadhi ya wanafunzi wa chuo kazi ya kuandika kuhusu jambo wanalolithamini sana maishani, kisha wakawaonyesha wote filamu ya elimu ya ukimwi. Walioandika hivyo walikiri zaidi kwamba nao wako hatarini, na walionunua kondomu walikuwa wengi kuliko wenzao. Hawakutishwa zaidi ya wengine. Walikumbushwa tu kwamba wao ni watu wa maana, na ukweli ukapata mlango.

Msichanganye hili na kujiambia kila asubuhi “mimi ni mshindi”. Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake nchini Kanada waligundua kwamba watu wasiojithamini waliorudiarudia kuwa wanapendeka waliishia kujisikia vibaya zaidi. Wanaouza maneno hayo kwenye semina za kujiamini wanawachukulia pesa watu walioumia, na kuwaumiza tena.

Nyumbani, msimkabili mzee mbele ya wajukuu. Mwacheni kwanza azungumzie shamba lake, kwaya yake au watoto aliowalea, ndipo mtaje presha. Apimwe tena siku nyingine. Akiandikiwa dawa, asiziache kwa kuwa hasikii maumivu. Presha kwa kawaida haiumi.