Udenda mpakani: mtoto wa mbwa amechoshwa na safari au anaumwa?

NAMANGA. Ni hali wanayoifahamu wanaosafirisha watoto wa mbwa kwa barabara. Pikapu imetoka Nairobi alfajiri, imeshatembea kilomita zipatazo 160, na sasa imesimama Namanga. Ndani ya kreti watoto wanne wamelala ubavu. Mmoja ametapika, mwingine anatokwa udenda hadi kifua kimelowa. Mteja anawasubiri Arusha, kilomita nyingine kama 110 mbele, na amelipa nusu tu ya bei. Kati ya mfanyabiashara na nusu iliyobaki yupo ofisa wa mifugo, na swali lake ni moja: mbwa hawa wana nini?

Swali hilo ni la haki. Udenda ni dalili ya kichefuchefu cha safari, lakini ni dalili ya kichaa cha mbwa pia, ugonjwa ambao ukishaonyesha dalili karibu kila mara huua, awe mnyama au binadamu. Ofisa hawezi kubahatisha. Mfanyabiashara naye hana sababu ya kumfikisha mnyama mpakani akiwa katika hali ya kutiliwa shaka, maana kichefuchefu cha safari kinaweza kuzuiwa kabla gari halijawashwa.

Chanzo chake kiko sikioni. Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kinachouambia ubongo kama mwili unasogea au umetulia. Mbwa aliyefungiwa kwenye kreti anaona ubao usiosogea, ilhali sikio linahisi kona, matuta na breki. Ubongo unapopokea habari mbili zinazopingana, moyo unachafuka. Kwa watoto wa mbwa kiungo hicho hakijakomaa, ndiyo maana wao huathirika kuliko wakubwa. Wengi huacha kutapika garini kadiri wanavyokua.

Hofu nayo huchangia. Mtoto aliyetapika katika safari yake ya kwanza huanza kutoa udenda siku nyingine hata kabla gari halijaondoka. Ndiyo sababu wafugaji wazoefu humzoesha kwanza. Siku ya kwanza anakaa ndani ya gari lililozimwa, siku nyingine injini inawashwa bila kuondoka, kisha anazungushwa mtaani dakika chache. Wiki moja au mbili za namna hiyo hazina gharama kubwa, na mara nyingi husaidia.

Chakula, hewa na kreti

Kosa la kawaida ni kumshibisha mnyama ili asisumbue njiani. Mbwa mkubwa anaweza kula jioni na kusafiri asubuhi tumbo likiwa tupu. Mtoto mdogo ni tofauti: akikaa njaa muda mrefu sukari mwilini hushuka, akalegea na hata kupoteza fahamu. Apewe chakula kidogo, chepesi, muda wa saa 3 hadi 4 kabla ya kuondoka. Maji asinyimwe, ila apewe kidogo kidogo.

Kreti ifungwe isiteleze, iwekwe katikati ya gari na si mwishoni kabisa ambako mtikisiko ni mkali. Chini litandikwe gazeti au kitambaa kikavu, na cha akiba kiwepo. Hewa ipite, jua la mchana lisiwapige moja kwa moja. Harufu ya dizeli, samaki au sigara humwongezea mbwa kichefuchefu. Kila baada ya saa 2 gari lisimame, wapate maji na kutulia. Dereva anayekata kona taratibu ni sehemu ya tiba.

Dawa si ya kukisia

Wapo wanaotumia tangawizi kidogo. Baadhi ya mbwa hupata nafuu, lakini ushahidi wa kitabibu ni mdogo, hivyo isitegemewe peke yake kwa safari ndefu. Dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa ni maropitanti, inayotolewa na daktari wa mifugo na kumezwa angalau saa 2 kabla ya safari. Kwa kichefuchefu cha safari, maelekezo yake ni ya mbwa waliofikisha miezi 4.

Dawa za binadamu za kuzuia kutapika zisitolewe kwa kukisia. Kipimo kikizidi ni hatari, na nyingine humlegeza mnyama. Mbwa aliyelegea akitapika anaweza kupaliwa na matapishi, na mbele ya ofisa ataonekana mgonjwa zaidi.

Umri huo wa miezi 4 una maana nyingine kwa mfanyabiashara. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa mtoto akifikisha miezi 3, na kinga huhitaji wiki kadhaa kujijenga. Anayesubiri chanjo ifanye kazi anajikuta na mnyama aliyefikia umri wa kupewa dawa ya safari na ambaye sikio lake limekomaa zaidi. Anayekimbilia kuuza mtoto wa wiki 7 anakosa yote hayo kwa pamoja.

Jinsi ya kutofautisha

Kichefuchefu cha safari huanza gari likitembea na hupungua likisimama. Kabla ya kutapika mbwa hupiga miayo, hujilamba midomo, hulia na kutulia kupita kiasi. Akishashuka, baada ya muda hunywa maji na kuanza kucheza.

Ikiwa anaendelea kutapika saa kadhaa baada ya kushuka, anaharisha, hasa damu, au ana homa, hiyo si safari. Huenda ni parvo, ambayo huua watoto wa mbwa haraka na huambukiza kreti nzima. Atengwe na apelekwe kwa daktari. Na mbwa anayeshindwa kumeza, ambaye taya limelegea au tabia imebadilika ghafla, asitiwe mkono mdomoni. Aliyeumwa na mbwa wa namna hiyo aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha awahi hospitali siku hiyohiyo.

Mbele ya ofisa, maneno hayatoshi. Kinachojibu swali lake ni kibali cha kuingiza mnyama kutoka nchi anakokwenda, cheti cha afya kutoka anakotoka, na hati ya chanjo yenye tarehe. Masharti hutofautiana kati ya nchi na nchi, hivyo yaulizwe katika ofisi ya mifugo kabla ya kupokea fedha za mteja. Karatasi zikiwa kamili na watoto wamesimama wakitikisa mikia, ukaguzi unakuwa mwepesi, na ile nusu ya bei iliyobaki inakuwa karibu zaidi.