Kwa nini ni vigumu kumuaga mbwa uliyemlea kwa muda

MAZOEA yana taabu, walinena wahenga. Ukweli wa kauli hiyo huwadhihirikia watu wanaojitolea kumtunza mbwa aliyeokolewa kwa wiki au miezi kadhaa, kisha wakalazimika kumkabidhi kwa mmiliki wake wa kudumu. Mbwa aliyewasili akiwa mnyonge, akishtuka kwa kila kishindo, huondoka akiwa mchangamfu na mwenye afya. Mlezi naye hubaki akitazama sahani tupu, huku nyumba ikiwa kimya.

Ulezi wa aina hii umekita mizizi katika mataifa kama Marekani na Uingereza. Vituo vya kuhifadhi wanyama huwa na nafasi chache, kwa hivyo hutafuta familia za kuwatunza mbwa wanaougua, vilebu ambao bado ni wachanga mno, au mbwa wakongwe wasiostahimili kelele za vibanda. Aghalabu kituo hugharimia matibabu, ilhali mlezi hutoa makao, muda na upendo. Mnamo Machi na Aprili 2020, wakati janga la korona lilipolazimisha vituo vingi nchini Marekani kupunguza shughuli, familia nyingi ziliitikia mwito wa kuwapokea wanyama hao. Hapa Kenya, shirika la KSPCA lenye kituo katika mtaa wa Karen, Nairobi, huwaokoa mbwa waliotupwa au kuteswa na kuwatafutia makao mapya.

Hali hiyo huwakumba pia wanaolea mbwa wa kuwaongoza watu wasioona. Taasisi ya The Seeing Eye, iliyoanzishwa nchini Marekani mwaka wa 1929, hukabidhi familia vilebu wenye umri wa takriban wiki nane. Familia huwalea kwa mwaka mmoja hivi, kisha huwarejesha ili waanze mafunzo rasmi. Tangu siku ya kwanza familia hizo hufahamu kuwa mbwa huyo si wao. Hata hivyo, siku ya kuagana inapowadia, ufahamu huo hauzuii machozi.

Sababu mojawapo imo mwilini. Mwaka wa 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Azabu nchini Japani walichapisha utafiti katika jarida la Science ulioonyesha kuwa mbwa na mwenyewe wanapotazamana kwa muda mrefu, kiwango cha homoni ya oksitosini huongezeka kwa wote wawili. Homoni hiyo ndiyo inayohusishwa na mapenzi baina ya mama na mtoto wake mchanga. Mkataba wa ulezi unaweza kuwa wa wiki sita, lakini mwili hautambui tarehe ya mwisho wa mkataba.

Sababu ya pili ni ratiba ya kila siku. Kumtunza mbwa ni kumlisha kwa saa maalumu, kumtembeza asubuhi na jioni, kumpa dawa na kuamka usiku anapolia. Anapoondoka, saa hizo hubaki zikimwita mlezi kwa kazi ambayo haipo tena.

Uchungu mkubwa zaidi, hata hivyo, hutokana na swali moja: je, mbwa huyu ataona kwamba ametupwa tena? Wengi hujilaumu kwamba wamemfundisha kiumbe kumwamini binadamu, kisha wakaisaliti imani hiyo.

Tafiti zinatoa jibu la kutia moyo. Mwaka wa 2001, wanasayansi wa Budapest nchini Hungaria walichapisha matokeo ya uchunguzi kuhusu mbwa wakubwa waliokuwa wakiishi vituoni. Walibaini kuwa vikao vitatu tu vya dakika 10 na mtu mmoja vilitosha kwa mbwa hao kuanza kuonyesha dalili za kumpenda na kumtegemea mtu huyo. Yaani, uwezo wa mbwa wa kujenga uhusiano mpya hauishi kwa kuwa uhusiano wa awali umekatika.

Utafiti mwingine, uliochapishwa nchini Marekani mwaka wa 2019, ulihusisha mbwa 207 kutoka vituo vitano. Walipopelekwa kulala nje ya kituo kwa usiku mmoja au miwili, kiwango cha kotisoli, homoni inayoashiria msongo, kilishuka. Waliporejeshwa, kilirudi pale kilipokuwa awali. Hivyo basi, hata mapumziko mafupi yalikuwa na faida, na kuyakatiza hakukuwaacha katika hali mbaya zaidi.

Hii haimaanishi kuwa mbwa hahisi chochote. Anaweza kususia chakula, kulia usiku au kuzungukazunguka akitafuta harufu anayoijua. Vituo vingi hutumia mwongozo wa siku tatu za kutulia, wiki tatu za kuzoea ratiba na miezi mitatu ya kujihisi yuko nyumbani, ingawa kila mbwa ana mwendo wake.

Isitoshe, huzuni ya mlezi aghalabu haipati wa kuifariji. Mtaalamu Mmarekani Kenneth Doka aliieleza mwaka wa 1989 huzuni ambayo jamii haiitambui wala haiipi nafasi ya kuombolezwa. Katika jamii ambamo mbwa wengi hufugwa ili kulinda boma na hulala nje, anayemlilia mbwa aliye hai huambiwa, “Ni mbwa tu!” Anayeambiwa hivyo hunyamaza, na huzuni yake ikazidi kumwelemea.

Yapo mambo yanayopunguza makali. Watoto waelezwe mapema kwamba mgeni huyu atakuja na kuondoka. Mlezi akutane na mmiliki mpya kabla ya siku ya kuagana, na amwandikie tabia za mbwa: anachokiogopa, anapopenda kulala, neno analolitii. Blanketi aliyoizoea iandamane naye. Siku yenyewe, kuaga kuwe kwa upole na kwa muda mfupi, kwa maana mbwa hutambua wasiwasi wa anayemshika.

Baadhi ya walezi hushindwa kuachana na mbwa na kuamua kumfuga daima. Si aibu, maadamu nafasi ipo na wamelipima jambo hilo mapema. Lakini uamuzi unaofanywa katika machozi ya usiku wa mwisho una gharama yake. Nyumba iliyojaa haiwezi kumpokea mbwa mwingine, naye aliyekuwa akisubiri zamu yake hubaki kibandani.

Kwa hivyo, mlezi anayelia baada ya gari kuondoka hana haja ya kudhani kuwa alikosea kukubali kazi hiyo. Mbwa asingeweza kujifunza kumwamini binadamu kwa mtu asiyemjali. Ajipe siku au wiki za kupumzika, aongee na walezi wenzake wanaoielewa hali hiyo, na simu ya kituo itakapolia tena, aamue kama yuko tayari kutandika blanketi nyingine.