Ukali wa Kimelea na Gharama ya Kumuua Mwenyeji: Kisa cha Virusi vya Miksoma

Katika mijadala ya afya hurudiwa mara kwa mara dai kwamba kila kimelea, kikiishi na mwenyeji wake kwa muda mrefu, hatimaye hupoa. Hoja yake ni nyepesi: kupe anayemmaliza ng'ombe hupoteza makazi yake, kwa hiyo ni heri anyonye kwa kiasi. Fikra hii huhusishwa sana na Theobald Smith, mtafiti wa Marekani ambaye mwaka 1893, akishirikiana na F. L. Kilborne, alionesha kwamba homa ya ng'ombe ya Texas huenezwa na kupe. Dai hilo lina mvuto, lakini linakipa kimelea uwezo wa kuona mbali ambao hakina. Uteuzi wa asili haupimi maslahi ya spishi katika miaka ijayo. Hupima ni aina ipi ya kimelea imewafikia wenyeji wapya wengi zaidi. Ukali, yaani kiwango cha madhara ambayo kimelea humsababishia mwenyeji, hupungua au huongezeka kwa kufuata hesabu hiyo tu.

Mfano uliofuatiliwa kwa karibu zaidi ni wa virusi vya miksoma nchini Australia. Kwa asili virusi hivi huishi katika sungura wa mwituni wa Amerika ya Kusini, ambao huwasababishia uvimbe mdogo wa ngozi. Kwa sungura wa Ulaya hali ni tofauti kabisa. Aina iliyosambaa kuanzia mwaka 1950 katika bonde la mto Murray, baada ya kuachiliwa makusudi ili kuwaangamiza sungura waliokuwa wakiharibu malisho, iliua zaidi ya asilimia 99 ya walioambukizwa. Frank Fenner na wenzake walikusanya virusi kutoka mwituni, wakaviingiza katika sungura wa maabara ambao ukoo wao haukuwahi kukutana na ugonjwa huo, kisha wakavipanga katika madaraja matano kwa kufuata vifo. Utaratibu huo una uzito wa pekee. Kwa kuwa sungura wa maabara hawakuwa wamebadilika, tofauti iliyoonekana ilitokana na virusi vyenyewe.

Ndani ya miaka michache daraja la kwanza lilikuwa limefifia, na lililotawala lilikuwa la tatu, linaloua kati ya asilimia 70 na 95. Hapa ndipo dai la kupoa linapokwama. Kirusi kinachoua sungura saba au zaidi katika kila kumi hakijafanya amani na mwenyeji wake. Aina za daraja la tano, zinazoua chini ya nusu, zilikuwepo lakini hazikutawala. Sababu iko katika namna ugonjwa unavyoenezwa. Kirusi cha miksoma hakizaliani ndani ya mbu. Hunata mdomoni mwake anapochoma uvimbe wenye virusi vingi. Sungura mwenye aina ya daraja la kwanza alikufa kabla ya wiki mbili kutimia, na mbu walipata siku chache tu za kumfikia. Mwenye aina hafifu alipona upesi, na uvimbe wake haukuwa na virusi vya kutosha. Mwenye aina ya daraja la tatu aliishi wiki mbili na nusu hadi nne, ngozi yake ikiwa imejaa virusi.

Anderson na May (1982) waliliweka jambo hili katika hisabati. Idadi ya wanaoambukizwa na mgonjwa mmoja huongezeka kwa kadiri ya kasi ya kuambukiza, na hupunguzwa na mambo matatu: kufa kwa ugonjwa, kufa kwa sababu nyingine, na kupona. Kama ukali usingehusiana na kuambukiza wala kupona, kimelea bora kingekuwa kile kisichodhuru kabisa. Kwa kuwa vinahusiana, kilele huangukia mahali fulani katikati, na mahali hapo huhama mazingira yanapobadilika. Sungura wa mwituni walipojenga ukinzani, aina hafifu zilipoteza nafasi kwa kuwa ziliondolewa mwilini mapema mno. Kerr na wenzake (2017) walionesha kwamba virusi vilivyokusanywa miaka ya 1990, vikiingizwa katika sungura wa maabara, husababisha kuporomoka kwa kinga ya mwili, sura ya ugonjwa ambayo haikuwa imeelezwa awali.

Kwa VVU pia mwelekeo si mmoja. Blanquart na wenzake (2016), wakitumia takwimu za Rakai nchini Uganda, walieleza kupungua kwa ukali kwa mvutano uo huo. Ilhali aina iliyotangazwa mwaka 2022 nchini Uholanzi hushusha seli za CD4 kwa kasi takriban mara mbili ya kawaida.

Swali zito zaidi linahusu chanjo zinazomkinga mtu dhidi ya kifo bila kuzuia kabisa maambukizi. Gandon na wenzake (2001) walitabiri kwamba chanjo za namna hiyo zinaweza kuondoa gharama ya ukali, kwa kuwa mwenyeji haifi tena aina kali. Read na wenzake (2015) walilithibitisha hilo kwa kuku wenye ugonjwa wa Marek: wasiochanjwa walikufa kabla ya kueneza aina kali kwa wingi, na waliochanjwa waliishi na kuieneza kwa wiki kadhaa. Chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyoanza kutolewa kwa majaribio nchini Malawi, Ghana na Kenya mwaka 2019, nayo haizuii maambukizi yote. Tokeo hilo ni la kinadharia, na haliwezi kuwa sababu ya kumnyima mtoto kinga inayookoa maisha. Linadai ufuatiliaji, na wanaopaswa kutazamwa kwanza ni watoto ambao chanjo haijawafikia, kwani ndio wangekutana na kimelea kikali bila ngao yoyote. Ugumu wa kimbinu ni dhahiri: Fenner alikuwa na sungura wa maabara wasiobadilika wa kupimia. Kwa malaria ya binadamu kipimo cha namna hiyo hakipo, na ukali wa kimelea hauna budi kutenganishwa, kwa njia za takwimu, na lishe, umri, kinga ya awali na umbali wa zahanati.