Nyumba Moja, Familia Mbili

Ndugu askari, amani haikamiliki mahali ambapo raia hawana paa. Nchini Rwanda, wakimbizi wa tangu 1959 waliorejea mwaka 1994 walikalia nyumba zilizoachwa na waliokimbia mwaka huo. Mwishoni mwa 1996 wenye nyumba nao wakarudi kwa mamia ya maelfu kutoka Tanzania na Zaire ya wakati huo. Nyumba moja ikawa na familia mbili.

Sheria ilimtaka mkaaji aondoke. Lakini akalale wapi? Desemba 1996 serikali iliamua kujenga vijiji vipya, imidugudu. Hata hivyo, baadhi ya nyumba zilikuwa mbali na mashamba.

Funzo kwa mlinzi wa raia ni dhahiri: kumhamisha mtu asiye na pa kwenda si kumaliza ugomvi, bali ni kuuhamisha.