Nguvu Izungushayo Mlango na Mizani

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea, inuka uende mlangoni pako. Fungua mlango nusu, kisha uusukume kwa kidole kimoja penye ukingo wake, mbali na bawaba. Utakwenda bila taabu. Sasa weka kidole hicho karibu na bawaba, ukisukume tena. Mlango ni ule ule na kidole ni kile kile, lakini utatia nguvu hata kidole kiume, nao utasogea kwa shida. Watoto hulijua jambo hili kabla ya kujua kusoma, ila ni wachache kati yetu sisi watu wazima tuliojiuliza sababu yake.

Sababu ni hii. Kitu kinachozunguka penye mhimili, kama mlango uzungukavyo penye bawaba, hakifuati wingi wa nguvu peke yake, bali hufuata pia umbali kati ya mhimili na mahali nguvu inapotiwa. Nguvu huzidishwa kwa umbali huo, na jawabu lake ndilo nguvu ya kuzungusha. Wataalamu hupima nguvu kwa nyutoni na umbali kwa mita. Basi fundi akishika spana penye sentimita 25 kutoka kwenye nati, akaivuta kwa nyutoni 200, amepata nyutoni-mita 50. Nati ikiwa imeshika kutu, huchomeka bomba katika mpini wa spana, akashika penye mita 1, naye kwa nguvu zile zile hupata 200. Hakupewa kitu bure, maana mkono wake sasa sharti uende safari mara nne ya ile ya kwanza ili nati izunguke kiasi kile kile. Tena bomba hilo ni jema kwa kulegeza, si kwa kukaza. Vijana wengi wamekata bolti kwa kupenda kukaza sana.

Upande wa kusukuma nao una neno lake. Ukiusukuma ukingo wa mlango kuelekea bawaba, hautazunguka hata kidogo. Mpanda baiskeli aijua habari hii kwa miguu yake: pedali ikiwa juu kabisa, akikanyaga moja kwa moja chini, uzito wake huishia katika ekseli bure, pedali ikifika mbele, uzito ule ule huzungusha kwa ukamilifu.

Archimedes, Myunani wa mji wa Syracuse, aliyekufa mwaka 212 kabla ya Kristo, aliieleza kanuni hii kwa habari ya vitu vizito: kilo 2 penye sentimita 30 zalingana na kilo 3 penye sentimita 20. Mimi niliyafundisha maneno hayo darasani miaka mingi kabla hayajanipata mwenyewe.

Nilikuwa nimejitengenezea mizani ya mti mgumu. Tundu la katikati nalitoboa kwa kukisia kwa macho, nikatundika vitanga viwili. Upande mmoja ukaelemea. Badala ya kuupima mti kwa rula, nikafunga kipande cha risasi chini ya kitanga chepesi hata mti ukasimama sawa, nikafurahi. Msimu mzima tukawauzia majirani maharagwe kwa mizani ile.

Siku moja nikapeleka mfuko wa maharagwe dukani. Nyumbani ulikuwa kilo 11. Mwenye duka akapima, akasema ni 10. Nikakasirika, nikatamka maneno nisiyopenda kuyaandika hapa. Yule mzee hakunijibu kwa ukali. Aliuondoa mfuko katika kitanga cha kuume, akauweka katika cha kushoto, na mawe ya kupimia akayahamishia upande wa pili. Mti ukasimama sawa vile vile. Akaniambia, "Mwalimu, nenda ukafanye hivi na mizani yako."

Nikaenda, nikafanya. Mawe ya kilo 11 yakashuka kwa kishindo. Nikapunguza hata 10, yakashuka bado. Yalilingana na mfuko yalipobaki kilo 9 na gramu 90 hivi. Hapo ndipo nilipotwaa rula. Mkono mmoja wa mti ulikuwa sentimita 40, wa pili 44, na maharagwe nilikuwa nikiyaweka siku zote penye ule mrefu. Kilo 10 mara 44 ni 440. Mawe ya kilo 11 mara 40 ni 440 vile vile. Risasi yangu ilikuwa imesawazisha mizani tupu tu, wala haikuweza kuilinganisha mikono.

Kwa hiyo, msomaji, mizani ikisimama sawa bila mzigo, usiiamini bado. Pima, kisha badilisha vitanga upime tena. Na kama huna nyingine ila hiyo mbovu, zidisha hesabu hizo mbili moja kwa nyingine, utafute kipeuo cha pili, nawe utapata uzito wa kweli. Kwangu mimi, 11 mara 9.09 ni karibu 100, na kipeuo chake ni 10, kama mzee alivyosema.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni akitazama. Ndiye aliyeuliza neno nililokuwa nikiliogopa: "Baba Marko, na majirani je?" Kila aliyelipa kilo 11 alikuwa amechukua 10. Usiku ule tuliketi penye taa na daftari la mauzo, jina kwa jina, na asubuhi tukajitwika vikapu. Dukani nilipita kwanza.