Las Vegas: Kamari inasingiziwa

Mwishoni mwa Machi 2020, uwanja mmoja wa kuegesha magari mjini Las Vegas ulichorwa miraba ya rangi nyeupe. Makazi ya muda ya wasio na nyumba yalikuwa yamefungwa baada ya kugundulika mgonjwa wa korona, na waliokuwa wakilala humo wakaelekezwa hapo Cashman Center, walale juu ya lami, kila mtu na mraba wake. Jiji hilo lina vyumba vya hoteli takriban 150,000. Usiku huo karibu vyote vilikuwa vitupu, kwa sababu gavana alikuwa ameamuru kasino zifungwe.

Ukiuliza kwa nini jiji la starehe limejaa watu wasio na pa kulala, wengi watakujibu: kamari. Wapo kweli walioingia kasino na mshahara wa mwezi wakatoka mikono mitupu. Lakini mzigo wote kuutwisha kamari ni kuwaonea watu ambao hawajawahi kuweka dau.

Wanaotandika vitanda vya wageni, wanaoosha vyombo na kubeba mizigo huishi kwa ujira wa saa na bakshishi. Wageni wakikatika, riziki imekatika. Aprili 2020 ukosefu wa ajira Nevada ulikaribia asilimia 30, kiwango kilichoyapita majimbo yote ya Marekani. Kodi ya nyumba nayo haingoji msimu. Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Clark County, kaunti lilimo jiji hilo, ni mali ya serikali kuu, hivyo viwanja ni haba na nyumba za watu wa kipato cha chini ni chache mno.

Kinachoniuma zaidi ni sheria. Mpangaji akichelewesha kodi, mwenye nyumba humpa notisi ya siku 7 za kazi: lipa au uhame. Kwa utaratibu wa haraka unaotumika huko, mpangaji ndiye anayepaswa kutangulia kupeleka majibu mahakamani, kabla mwenye nyumba hajafungua shauri. Asipopeleka, labda kwa kuwa yuko kazini zamu mbili au haielewi ile karatasi, hakimu anaweza kuamuru atolewe bila kumsikiliza. Rekodi ya kufukuzwa nayo humfuata, na wenye nyumba wengine humkataa.

Wengine huishia chini ya ardhi. Chini ya jiji yamepita mahandaki ya kupitishia maji ya mvua, na mamia ya watu wanaishi humo gizani, magodoro yameinuliwa juu ya kreti. Mvua za ghafla za kiangazi zikishuka, maji huingia kwa kasi na kusomba kila kitu, mara nyingine na watu. Juu, hatua chache tu, taa za kasino hazizimwi.

Hesabu ya usiku mmoja, Januari 2024, ilikuta karibu watu 8,000 wasio na makazi kusini mwa Nevada. Tangu Februari 2025, kupiga kambi hadharani katika maeneo ya kaunti ni kosa linaloweza kumpeleka mtu jela. Mwaka 2023 wabunge wa jimbo walipitisha mswada wa kumtaka mwenye nyumba atangulie yeye mahakamani. Gavana Joe Lombardo aliukataa.

Anayetaka watu watoke mahandakini na aanze na ile notisi.