Istanbul: mji ulio katika mabara mawili, na ngano inayopita katikati yake

Tulipotaja bei ya ngano kwenye taarifa ya asubuhi, mzee mmoja wa Basotu alitupigia simu. "Mwanangu, umesema meli za ngano zinapita katikati ya mji wa Istanbul. Mji gani huo? Na mbona mmoja anasema uko Ulaya, mwingine Asia?" Muda wa kipindi ulikuwa umekwisha, basi namjibu hapa.

Mzee, wote wawili wamesema kweli. Istanbul iko Uturuki, na umegawanywa na mlango wa bahari uitwao Bosphorus, wenye urefu wa kilomita 30 hivi. Panapobana zaidi, upana ni mita 700 tu. Ng'ambo ya magharibi ni Ulaya, ya mashariki ni Asia. Mtu analala Asia, asubuhi anakwenda kazini Ulaya, jioni anarudi, bila pasi ya kusafiria. Wengine hupanda kivuko, kama watu wa Kigamboni na pantoni yao. Yapo pia madaraja matatu, treni inayopita chini ya bahari tangu 2013, na handaki la magari la 2016. Kampuni ya Yapı Merkezi, iliyojenga SGR yetu kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, ilishiriki kuchimba handaki hilo.

Wagiriki ndio walioanzisha mji huo, wakauita Byzantion. Mwaka 330 mfalme wa Warumi, Constantine, akaufanya makao yake makuu, ukaitwa Konstantinopoli. Mwaka 1453 Waturuki wa Uthmaniya wakauteka. Leo makao makuu ya nchi ni Ankara, lakini wakazi wa Istanbul ni zaidi ya milioni 15, takriban mara nane ya watu wa Mkoa wa Manyara kwa sensa ya 2022. Mwaka 1950 walikuwa milioni moja hivi. Waliojaza mji ni watu wa vijijini waliofuata kazi, Waturuki na Wakurdi.

Wanaishi na hofu pia. Ufa mkubwa wa ardhi unapita karibu, chini ya Bahari ya Marmara. Agosti 1999 tetemeko lililopiga eneo jirani la Izmit liliua zaidi ya watu 17,000. Sisi tuliozika wenzetu Katesh Desemba 2023, baada ya matope ya Mlima Hanang, hofu hiyo tunaielewa.

Sasa ngano. Urusi na Ukraine husafirisha ngano nyingi kupitia Bahari Nyeusi, na meli kubwa ikitoka huko haina njia nyingine ila Bosphorus. Vita vilipoanza Februari 2022, bandari za Ukraine zilifungwa na bei ikapanda duniani kote. Julai mwaka huo makubaliano ya kuruhusu nafaka kutoka yalisainiwa Istanbul penyewe, na meli zikawa zinakaguliwa hapo. Mwaka mmoja baadaye Urusi ikajitoa.

Tanzania hununua nje sehemu kubwa ya ngano yake, na Urusi ni mmoja wa wauzaji wakubwa. Ngano hiyo ikifika kwa wingi na kwa bei ya chini, wenye viwanda hawana haraka ya kufuata magunia ya Hanang. Ikikwama, wanakumbuka barabara ya Basotu.